Hesabu ya omu na wati imekataa? Kagua vipimo kabla ya kulaumu fomula

Umepima volti, umepima ampia, umegawanya, na jibu halifanani na kitu kilicho mbele yako. Rezista imeandikwa omu 12, hesabu inasema 15. Balbu imeandikwa wati 60, hesabu inasema 820. Wengi hapo humtafuta mchawi kwenye fomula, kumbe fomula haina kosa. Ziko hizi tu, V ikiwa volti na I ikiwa mkondo kwa ampia:

R = V ÷ I (ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia mkondo, kwa omu)
P = V × I (nguvu kwa wati)

Ukiziunganisha unazaa mbili nyingine: P = I² × R, na P = V² ÷ R. Hakuna zaidi ya kukariri.

Ila zina sharti ambalo vitabu hulitaja haraka na kupita: volti na ampia unazoziingiza ziwe za kitu kilekile, zimepimwa wakati uleule, kitu kikiwa kazini. Karibu kila dalili iliyo hapa chini ni sharti hilo limevunjwa mahali fulani. Nimezipanga kwa jinsi ninavyozikuta mara kwa mara, si kwa ugumu wake.

Jibu limepotea mara elfu

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na bado inawanasa hata waliobobea wakiwa wamechoka. Mita imesoma 20, ukagawanya 12 kwa 20, ukapata omu 0.6. Lakini mita ilikuwa kwenye miliampia. Miliampia 20 ni ampia 0.02, na 12 ÷ 0.02 ni omu 600.

Kuna njia ya mkato inayofaa kuzoea: ukigawanya volti kwa miliampia, jibu linatoka kwa kiloomu. Hapo 12 ÷ 20 = 0.6, yaani kiloomu 0.6, ambayo ndiyo hiyo omu 600. Na ukizidisha volti kwa miliampia, jibu ni miliwati: 12 × 20 = 240, yaani wati 0.24. Kosa halikuwa kwenye kugawanya. Lilikuwa kwenye jina ulilolipa jibu.

Mita zinazojichagulia kipimo zenyewe zimezidisha tatizo hili. Zinahama kutoka V kwenda mV kimyakimya, na herufi inayoonyesha hivyo ni ndogo, imejificha pembeni ya kioo. Soma herufi kwanza, tarakimu baadaye.

Rezista inasema 12, hesabu inasema 15

Chukua betri ndogo ya volti 9 iliyotumika kiasi. Ukiipima ikiwa haijafungwa kitu, inasoma volti 9.2. Unaiandika. Kisha unaifunga rezista nene ya omu 12 pamoja na mita ya ampia, unasoma 0.61. Unagawanya 9.2 kwa 0.61 na kupata 15. Rezista ni mbovu?

Rezista ni nzima. Irudishe mita ya volti kwenye ncha za rezista huku mkondo ukipita, na utaona volti 7.4. Sasa 7.4 ÷ 0.61 ni 12 na ushei kidogo sana. Zile volti 1.8 zilizopungua zimebaki ndani ya betri yenyewe, kwa sababu betri nayo ina ukinzani wake wa ndani: 1.8 ÷ 0.61, karibu omu 3. Ndiyo maana hesabu ya kwanza ilitoa 15. Ilijumlisha rezista na betri pasipo kukuambia.

Nguvu nayo inapotoka vilevile. Kwa volti 9.2 ungedai rezista inakula wati 5.6. Inakula 4.5. Wati 1.1 zinaipasha betri joto, na ukiishika baada ya dakika chache utazihisi kiganjani.

Georg Simon Ohm, ambaye jina lake ndilo linalobebwa na kipimo hiki, alisumbuliwa na jambo hilihili. Betri za zama zake zilikuwa zinalegea katikati ya jaribio, vipimo vikawa havitulii. Aliziacha, akatumia chanzo kinachotegemea tofauti ya joto: kiungo cha metali mbili, upande mmoja ukiwa kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu. Volti ilikuwa ndogo sana, lakini ilitulia. Kanuni yake aliichapisha mwaka 1827. Basi ukiona vipimo vyako vinayumba, hujawa wa kwanza.

Dawa: usitumie volti uliyopima mzigo (kifaa kinachotumia umeme) ukiwa haujafungwa. Kama una mita moja tu, pima ampia, irudishe mita kwenye volti, funga saketi tena, pima volti kwenye ncha za mzigo ukiwa umewaka. Na ufanye upesi, kabla betri haijashuka zaidi.

Balbu ya wati 60 inapimwa omu 70

Hapa mada inanoga, nami nitakaa kidogo.

Balbu ya nyuzi iliyoandikwa volti 240, wati 60. Kwa hesabu, mkondo ni 60 ÷ 240 = ampia 0.25, na ukinzani ni 240 ÷ 0.25 = omu 960. Unaitoa, unaiwekea mita kwenye omu, inasoma kama 70. Unajaribu kurudi nyuma: V² ÷ R, yaani 57,600 ÷ 70, wati 820 na zaidi. Balbu ya meza imegeuka jiko.

Vipimo vyote viwili ni sahihi. Uzi wa balbu ni wa tungsteni, na ukinzani wa tungsteni hupanda joto linapopanda. Mita imeupima uzi ukiwa baridi. Balbu ikiwaka, uzi unafika nyuzi joto zipatazo 2,500 za Selsiasi, na ukinzani unapanda zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo omu 960 ni za balbu inayowaka, omu 70 ni za balbu iliyolala.

Na hesabu ile ya "jiko" si upuuzi mtupu. Sehemu ndogo sana ya sekunde baada ya kuwasha swichi, uzi ungali baridi, na mkondo unaweza kukaribia 240 ÷ 70, yaani ampia 3.4, badala ya robo ampia. Ndiyo sababu balbu za nyuzi hupenda kuungua pale unapowasha, si zikiwa zimeshatulia.

Linganisha na pasi au hita. Uzi wake kwa kawaida ni wa nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromi), na ukinzani wa nikromu haubadiliki sana kwa joto. Hita ya wati 2,000 kwa volti 240 inatakiwa kuwa na omu 28.8. Ukiipima ikiwa baridi, imechomolewa kabisa, utapata namba iliyo karibu na hiyo, pengine chini kidogo. Hapo mita ya omu ni shahidi wa kuaminika: ukisoma maelfu ya omu, au mita ikikataa kabisa kuonyesha namba, uzi umekatika.

Basi kabla ya kulinganisha mita na hesabu, jiulize kitu hicho kikiwaka kinakuwa na joto gani, na uzi wake ni wa nini.

Hita mpya, wati hazitimii

Hita hiyo ya wati 2,000 imefungwa mahali umeme ni dhaifu, soketi inasoma volti 200 hita ikiwa imewaka. Mtu anapiga hesabu ya haraka: 200 ni sehemu 5 kati ya 6 za 240, basi wati nazo ziwe 5 kati ya 6 za 2,000, yaani 1,667. Anapima, anakuta 1,390. Anaenda kumgombeza muuzaji.

Volti zikishuka, mkondo nao unashuka, maana ukinzani haukusogea: 200 ÷ 28.8 ni ampia 6.94, si 8.33. Nguvu imepata hasara pande mbili. 200 × 6.94 = 1,389. Kwa maneno mengine, V inaingia mara mbili kwenye fomula (V × V), na hasara nayo inaingia mara mbili. Volti zikipungua hadi nusu, wati zinabaki robo.

Kosa hili lina ndugu yake: kuchukua wati zilizoandikwa kwenye kibandiko na kuzigawanya kwa volti ulizozipima wewe. 2,000 ÷ 200 inakupa ampia 10, namba ambayo hita hiyo haijawahi kuivuta. Wati za kibandiko ni za volti za kibandiko. Tumia kibandiko kutafuta ukinzani, kisha uuache ukinzani ndio ukuongoze kwenye volti zako halisi.

(Tahadhari moja: chaja za simu na kompyuta hazifuati hili. Zina saketi inayojirekebisha, na volti zikishuka huvuta mkondo mwingi zaidi ili wati zibaki palepale. Usizipigie hesabu ya rezista.)

Rezista inanuka, ingawa omu ni sahihi

Omu ni swali moja, wati ni swali jingine. Rezista ya omu 100 ikifungwa kwenye volti 12 inakula 144 ÷ 100, wati 1.44. Zile rezista ndogo zenye mistari ya rangi, zinazouzwa kwa wingi, nyingi ni za robo wati. Mimi niliwahi kuigusa moja ya namna hiyo ili kuona kama inapata moto. Mistari ya rangi ilihamia kidoleni, na alama ilikaa wiki nzima.

Ukishapata wati kwa hesabu, chagua rezista yenye uwezo wa mara mbili yake. Hapo, wati 3 au zaidi.

Kwa upande wa taa ndogo za LED kosa huwa tofauti. Una volti 5, LED nyekundu inayotaka miliampia 20, unagawanya 5 kwa 0.02, unapata omu 250, na taa inawaka hafifu kuliko ulivyotarajia. LED yenyewe inachukua kama volti 2 ikiwa imewaka, kwa hiyo rezista inabaki na 3 tu. 3 ÷ 0.02 = omu 150. Nguvu ya rezista ni 3 × 0.02, wati 0.06, robo wati inatosha na kubaki. Wala usijaribu kutafuta "ukinzani wa LED" kwa kugawanya volti zake kwa ampia zake. Namba utaipata, lakini ukibadilisha mkondo namba hiyo inabadilika nayo, haina faida ya kuibeba kwenda kwingine.

Feni: volti mara ampia zinazidi wati

Feni imeandikwa wati 50. Unapima volti 240 na ampia 0.3, unazidisha, 72. Kuna wizi wa wati 22?

Hakuna. Umeme wa majumbani ni mkondo geu, AC, na kwenye mota mkondo huchelewa nyuma ya volti. Hazifiki kileleni pamoja. Ukizizidisha kana kwamba zinakwenda sambamba, jibu ni volti-ampia 72, si wati 72. Wati halisi ni hizo 72 zikizidishwa kwa kile mafundi wanachokiita pawa fakta, hapa 50 ÷ 72, karibu 0.7. Mita mbili za kawaida haziwezi kukuonyesha pawa fakta. Inabidi mita ya wati inayosoma volti na mkondo kwa pamoja, papo kwa papo.

Hita, pasi na balbu za nyuzi hazina tatizo hili. Pawa fakta yao ni 1, na P = V × I inafanya kazi bila nyongeza.

Vilevile usipime koili ya mota kwa mita ya omu kisha uweke namba hiyo kwenye V² ÷ R. Mota inayozunguka inazalisha volti yake ya kupinga ile inayoingia, na koili kwenye mkondo geu ina upinzani wake mwingine ambao mita ya omu haiuoni. Utapata mamia au maelfu ya wati kwa feni ya meza. Lakini mota ikikwama, isizunguke, ile volti ya kupinga inatoweka na mkondo unapanda. Ndiyo maana mota iliyokwama huungua.

Mita yenyewe

Hizi nazipitia haraka.

Ampia zinasoma sifuri ingawa kifaa kinafanya kazi: mita imefungwa sambamba na njia nyingine ya mkondo (mkondo unapita kando yake), au waya mwekundu uko kwenye tundu lisilo lake. Kama kifaa nacho kimezimika ukiunganisha mita, huenda fyuzi ya ndani ya mita imekatika. Mara nyingi hukatika kwa sababu mtu alipima ampia, akasahau kuhamisha waya, akaenda kupima volti kwenye betri. Mita ya ampia ina ukinzani mdogo mno. Ukiigusisha pande zote mbili za betri umepiga shoti. Kwenye umeme wa nyumbani kosa hilo linaweza kulipua mita mkononi.

Omu zinasoma pungufu: kuna kitu kingine kimefungwa sambamba na hicho unachopima. Ng'oa mguu mmoja wa rezista kutoka kwenye bodi, upime tena. Na umeme uwe umekatwa. Mita ya omu hutuma mkondo wake yenyewe, ikikuta mwingine tayari inasema uongo au inaungua.

Volti zinasoma pungufu kwenye saketi yenye rezista kubwa: mita yako ndiyo inayonyonya. Rezista mbili za megaomu 1 (omu milioni moja) zimefuatana kwenye volti 10, katikati unatarajia 5. Mita yenye ukinzani wa megaomu 10 itasoma kama 4.76, kwa sababu imejifunga sambamba na moja yao. Hilo si kosa la kurekebisha, ni la kujua.

Omu ndogo zinasoma nyingi mno: gusanisha ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe. Zikisoma 0.3, toa 0.3 kwenye kila jibu.

Plagi inaungua, lakini hita ni nzima

Dalili hii nimeiacha mwisho kwa sababu mita ya omu haiwezi kuitatua. Hita inapasha kama kawaida, mita haioni kasoro, ila plagi imekuwa ya kahawia na plastiki inanuka. Ukichomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyohiyo, hakuna kinachotokea.

Piga hesabu. Mguso uliolegea ndani ya soketi una ukinzani wa omu 0.3, tuseme. Hita inavuta ampia 8.3. P = I² × R: 8.3 × 8.3 × 0.3, karibu wati 21, zote kwenye sehemu ndogo kuliko ukucha, moto wa pasi ya kulehemu. Hita imepoteza volti 2.5 tu, hakuna atakayeona tofauti. Kwa chaja ya ampia 0.1, mguso huohuo unatoa wati 0.003. Mkondo ukiongezeka mara 83, joto limeongezeka karibu mara 7,000.

Omu 0.3 ni zilezile za nyaya za mita, kwa hiyo mita ya omu inapofuka. Kinachoziona ni volti zinazopotea mkondo ukipita. Kwenye soketi ya ukutani mwachie fundi mwenye vifaa, usichokoe ndani na umeme ukiwepo. Lakini kwenye mfumo wa volti 12 unaweza kufanya mwenyewe, na ndipo volti na ampia zinapokupa ukinzani ambao mita ya omu haikupi.

Pampu ya volti 12 inazunguka kwa uvivu. Ikiwa kazini, betri inasoma 12.4, ncha za pampu zinasoma 10.0, mkondo ni ampia 5. Njiani zimepotea volti 2.4, kwa hiyo njia nzima ina omu 0.48. Waya ni wa shaba wa milimita za mraba 1.5, umbali mita 15, kwenda na kurudi 30. Shaba ya unene huo ina omu 0.012 hivi kwa kila mita, basi waya unastahili omu 0.36 na kula volti 1.8. Zimebaki volti 0.6 zisizo na mwenyewe.

Weka ncha moja ya mita ya volti kwenye nguzo ya betri, nyingine kwenye kichwa cha waya kilichofungwa hapohapo, sentimita mbili mbali. Kama mguso ni mzuri utasoma karibu na sifuri. Hapa inasoma 0.58. Zima pampu, fungua, kwangua kutu nyeupe, kaza, washa, pima tena: 0.02. Pampu imepata volti zake 0.6. Zile 1.8 za waya haziondoki kwa kukaza skrubu. Waya wa milimita za mraba 4 kwa urefu uleule ungezishusha hadi 0.7.